Jipu ya njia mbaya: makontere gani tuongeze kwenye tablo?

Wakati motere inakufa kati ya Likasi na Kolwezi, watu wanashitaki kwanza mazutu, kisha bahati mbaya, kisha jirani mwenye wivu. Tablo haiulizwi hata kidogo. Lakini mara mingi tablo njo ilikuwa na neno la kusema, na shofere hakuliangalia. Na mara ingine iko mbaya kupita ile: tablo yenyewe ilinyamaza mpaka mambo yakaharibika. Juu ya ile tablo yenye kunyamaza njo tunaandika leo.

Mu familia mingi za watu wa mine, jipu haiko kintu cha kujionyesha mbele ya kanisa. Mtu anatumika miaka 20 ao 25 mu karyere, anapata dekonte yake, anawaza usiku mzima pamoja na bibi yake, kisha ananunua Land Cruiser ya okazio. Ile mutuka inabeba watu, magunia ya mahindi, samaki, mafuta, inaenda Mitwaba, Kasenga, Dilolo, fasi yote kwenye goudron inakatikia. Ile njo pensheni yake. Kilase ya motere ikipasuka mu mwezi wa 8, watoto wanafika mu mwezi wa 9 bila minervale. Kwa hiyo tusicheke mtu mwenye kuuliza kama aongeze makontere ingine kwenye tablo. Iko swali ya chakula.

Maduka yanauza mengi. Kuna ya bei ya chini yenye taa ya bluu, kuna ya bei kali, kuna yenye kukusanya namba zote kwenye kioo kidogo kama simu. Vijana wengine wanayafunga 7 ao 8, tablo inakuwa kama ya ndege, na shofere hajui tena aangalie wapi. Sisi tunasema hivi: mu mutuka ya kazi, kontere 2 ao 3 zilizochaguliwa vizuri zinatosha, na angalau moja kati yao iwe na alarme yenye kulia. Mutu anaendesha mu mashimo, mu vumbi, anakwepa baiskeli za makala. Macho yake yako njiani. Sindano haina mdomo.

Tuanze na moto ya motere, juu ile njo inaua jipu mingi kupita shida ingine.

Kila mutuka iko na kontere ya moto. Basi juu ya nini kuongeza ya pili? Kwanza, mu magari mengi ya sasa ile sindano imefanywa kwa kutuliza roho ya mwenye gari. Ikisha kufika katikati, inalala pale pale hata kama maji ya radiatere inapanda digrii kumi na zaidi. Inaondoka katikati wakati mambo yamekwisha kuwa mabaya, na kutoka pale mpaka alama nyekundu ni dakika chache tu. Kontere ya kuongeza, yenye namba za kweli, inaonyesha 84, 88, 93. Shofere anaona inapanda polepole, anapunguza vitesi mapema, motere inapoa, safari inaendelea.

Sababu ya pili iko ya hatari zaidi. Sonde ya kiwanda inapima maji. Kama mpira wa maji umepasuka na maji yote imemwagika chini, sonde inabaki mu hewa, haigusi tena maji ya moto. Sindano inaweza kubaki chini, hata kushuka, wakati kilase inaungua. Shofere anaangalia tablo, anaona vizuri, anakanyaga. Wangapi walituambia « lakini sindano ilikuwa katikati »! Hawakusema uongo.

Kwa hiyo, kama mtu ana feza ya kununua kontere moja tu, sisi tunamwambia anunue ile yenye kupima chuma chenyewe. Sonde yake iko kama pete ndogo, inafungwa chini ya buloni iliyo kwenye kilase, karibu na fasi maji inatokea kwa kwenda mu radiatere. Maji iwepo, maji isiwepo, chuma kinasema ukweli. Nyingi zinakuja na alarme, na mtu anaweza kuchagua namba ya kulia. Musichague namba ya kuota. Mubebe mutuka mzigo wake wa kawaida, mupande mlima mrefu mchana wa jua kali, muangalie namba ya juu kabisa yenye inafika, kisha muongeze digrii 10. Ile njo namba ya alarme yenu. Ya jirani haiwahusu, juu sonde yake imefungwa fasi ingine.

Hapa kwetu kuna jambo watu wa Kinshasa ao wa Matadi hawana. Tunakaa juu. Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1.400, na Kundelungu inaenda kwenye 1.700. Kwa sababu hewa iko nyepesi, maji haingojee 100: mu sufuria ya mama huku Lubumbashi inachemka kwenye digrii 96 hivi, Kolwezi kwenye 95. Mu radiatere inakuwa tofauti, juu kifuniko kinafunga na kukamata presio. Kifuniko kizuri cha bar 0,9 kinafanya maji ivumilie mpaka 115 na kitu. Lakini kifuniko kikizeeka, mpira wake ukikatika, radiatere inakuwa sufuria ya mama. Maji inachemka kwenye 96, na motere nyingi zinatumika kila siku kati ya 80 na 95. Munaona vile nafasi inabaki ndogo. Mbele ya kununua kontere yoyote, munuueni kifuniko kipya cha radiatere. Kinauzwa bei ya chini kuliko yote tunayotaja katika makala hii, na watu hawakinunue.

Alarme ikilia, ni nini ya kufanya? Kama maji bado iko, musizime motere mara moja. Simameni pembeni, muache inazunguka polepole, mufungue shofaje ya ndani mpaka mwisho hata kama jua linaunguza, juu shofaje njo radiatere ndogo ya pili. Kama munaona mvuke mkubwa ao maji inatiririka chini, muzime pale pale. Na kifuniko hakiguswi mpaka mkono uweze kulala juu ya radiatere bila kuungua. Mikono na nyuso zilizoungua kwa ile haraka, tuliziona mingi kupita kiasi.

Sasa presio ya mafuta ya motere. Mu Land Cruiser nyingi za 70, zile tunaziita « pickup ya mine », kontere ya mafuta iko tayari kwenye tablo, pamoja na ya volti. Mwenye mutuka hizi asitupe feza kwanza kwa kununua ya pili; ajifunze kusoma ile anayo. Lakini mu jipu ndogo na mu magari mengi ya familia yenye kutoka Japan, kuna taa nyekundu tu. Taa ile inawaka wakati presio imeanguka karibu na sifuri, kwenye bar 0,3 ao 0,5. Kwa motere yenye kuzunguka mara 3.000 kwa dakika, ile haiko onyo tena, iko barua ya lufu. Kontere ya kweli inaonyesha mambo mbele: presio ya asubuhi, presio ya mchana wakati mafuta imekuwa nyepesi kwa moto, na tofauti kati ya mwezi huu na mwezi uliopita.

Tena kuna hii: mkiwa mnapanda mlima mkali ao mnakata kona na sindano ya mafuta inaanguka halafu inarudi, mara mingi mafuta imepunguka mu karte. Pompi inavuta hewa. Taa nyekundu ingeweza kuwaka kidogo na kuzimika, na shofere angesema ni waya.

Tunashauri daftari ndogo mu kabati ya mutuka. Siku ya kwanza muandike: motere baridi, bila kukanyaga, bar ngapi, motere moto, bila kukanyaga, bar ngapi, motere moto, mara 2.000, bar ngapi. Kwa motere ya 1HZ, ile ya silindri 6 na litre 4,2 yenye inatumika sana huku kwetu, kiwanda kinataka kwenye mara 3.000 presio iwe kati ya bar 2,5 na 6. Lakini zaidi ya namba ya kiwanda, muangalie namba zenu zikibadilika.

Ninyi munaotumika mu karyere munayajua haya kuliko sisi. Dumpa ya Caterpillar haimwachie shofere kazi ya kuwaza: onyo lake limegawanywa katika daraja 3. Ya kwanza inawaka taa, ujue tu. Ya pili inakuomba ubadilishe namna ya kuendesha. Ya tatu inawaka na kulia, na inamaanisha simama sasa fasi salama. Hakuna shofere wa dumpa anayeendelea na daraja ya tatu juu bibi ya mtu anachelewa kwa matanga. Akitoka kazini, yule yule mtu anapanda jipu yake na kuendesha na taa ya mafuta inawaka tangu Noeli. Tunashangaa kila mara.

Volti inachukua maneno machache. Bateri nzuri iliyolala usiku inaonyesha 12,6. Kwenye 12,2 imebaki nusu. Motere ikizunguka, iwe kati ya 13,8 na 14,4. Ikipita 15, regulatere imekufa na bateri inapikwa. Kontere ya volti ndogo ya kuchomeka mu fasi ya kuwashia sigara inatosha kabisa, bei yake ni ya kitoto. Umuhimu wake unaonekana mu jipu yenye kuingia mu mine, juu ile inabeba jirofare juu ya kichwa, taa za kuongeza, radio ya VHF, wengine friji. Tena kumbuka kwamba mara mingi mkanda wenye kuzungusha alternatere njo unazungusha pompi ya maji. Volti ikianguka kwa gafula kutoka 14 hadi 12, usingoje: mkanda unaweza kuwa umekatika, na moto inafuata nyuma. Mu 1HZ pompi yenye kusaidia freni nayo imefungwa nyuma ya alternatere. Alternatere ikisimama, freni inakuwa ngumu kama jiwe nyuma ya kukanyaga mara chache. Kwenye mteremko na watu 15 nyuma, ile haiko habari ya bateri tena. Angalisho moja: Land Cruiser zingine za zamani za dizeli na makamio zinatumia volti 24. Muangalie mbele ya kufunga, kama sivyo kontere ya 12 itaungua siku ya kwanza.

Turbo. Hapa tutawakasirisha vijana kidogo. 1HZ ya kiwanda haina turbo. Kontere ya presio ya turbo kwenye 1HZ ya kawaida ni saa bila mishale. Kwa Hilux ya dizeli ya kisasa, ao Land Cruiser ya V8 ya litre 4,5, iko na maana, juu ikianguka mtu anajua mpira wa hewa umepasuka ao filtere imeziba, mbele moshi mweusi haujaanza. Hata hivyo tunaiweka nyuma ya moto na mafuta.

Ila kuna watu wanaoongeza turbo kwenye 1HZ kwa sababu wanaona inachoka kwenye milima. Kwa hao tunasema bila kuzunguka: feza yenu ya kontere yote iende kwanza kwenye pirometre, ile yenye kupima moto ya moshi. Maji ya radiatere inachelewa kusema; moshi inasema palepale. Ukikanyaga sana na mzigo mkubwa, gasi inaweza kupita digrii 700, na aliminiamu inayeyuka kwenye 660. Pistone inapozwa na mafuta na kuta za silindri, kwa hiyo sekunde chache haziiue, lakini dakika kumi za mlima zinaweza. Wengi wanajipangia kubaki chini ya 650 kwenye mlima mrefu. Sonde iwekwe mbele ya turbo, mu kolektere. Nyuma ya turbo inasoma chini kwa digrii 100 ao zaidi, na mtu anajidanganya. Na kolektere itolewe nje mbele ya kutobolewa. Kipande kidogo cha chuma kikibaki ndani, turbo itakimeza.

Mutuka ya otomatike, kama Prado nyingi na Land Cruiser 100, inaomba kontere ya moto ya bwate. Mu mchanga na mu matope, bwate inachemka wakati motere iko bado sawa. Mafuta yake ikiwa kati ya 80 na 95 hakuna neno; ikipita 120 inaanza kuungua. Mwenye bwate ya mkono aruke fungu hili.

Kuna kontere moja ndogo hatuwezi kuiacha, ingawa haina sindano wala haikai kwenye tablo. Ni kile kioo kidogo cha plastiki kinachofungwa kwenye mpira wa hewa, nyuma ya filtere. Filtere ikiziba, kinaonyesha rangi nyekundu. Makanisie wa dumpa wanakijua, kiko kwenye mashine zote kubwa. Kutoka mwezi wa 5 hadi wa 9, mu vumbi nyekundu nyuma ya makamio ya shaba, filtere inaweza kuziba mbele ya siku ya vidanje. Wengine wanaitoa kila jioni na kuipiga kwenye pine. Ile inaharibu karatasi, na kila mara ukifungua, vumbi kidogo inaingia kwenye upande safi. Kioo kinasema siku gani ya kufungua na siku gani ya kuacha. Kama munakunywesha jipu mazutu ya ma-Kadhafi kando ya barabara, muongeze pia taa yenye kuonyesha maji mu filtere ya mazutu kama mutuka haina, na mumwage ile maji mara kwa mara.

Kile tusichoshauri: kontere ya kuonyesha mutuka imelala upande digrii ngapi. Iko nzuri mu picha. Lakini jipu yenye magunia juu ya paa inaanguka mbele ya namba iliyoandikwa, na matako ya shofere yanajua mbele ya kontere. Makompa, termometre ya hewa ya nje, saa ya pili, vyote viwe zawadi, visitoke kwenye feza ya mazutu.

Kufunga nako kuko na akili yake. Tundu la sonde ya mafuta kwenye Toyota liko na vidi ya aina ya Uingereza, BSPT ya 1/8. Makontere mengi ya maduka yanakuja na vidi ya Marekani, NPT ya 1/8. Kwa macho zinafanana. Zinaingia mara mbili tatu halafu zinakaza, makanisie anaongeza nguvu, na blok ya motere inapasuka vidi ao inaanza kutoa mafuta. Muombe kipande cha kubadilisha, cha shaba, mbele ya kulipa. Mukatae manometre yenye mrija wa kuleta mafuta ya moto mpaka ndani ya kabini. Mrija wa plastiki ukikatika mu mashimo, mafuta inamwagika juu ya miguu ya shofere. Ya umeme, sonde kule na waya huku, njo salama. Kila kontere iwe na fuzibile yake. Waya upite mbali na kolektere, na ukipita mu chuma uwekewe mpira, juu njia yetu inatikisa mpaka chuma kikate waya. Na makontere yafungwe karibu na macho, pembeni ya usukani ao juu ya tablo. Sio chini karibu na magoti, fasi wengi wanaifunga juu iko rahisi.

Inabaki shofere. Mu familia mingi mwenye mutuka yuko kazini, mu ekipe ya usiku, na mutuka inaendeshwa na mtu mwingine anayeleta vesema kila jioni. Yule shofere anaiona sindano inapanda, lakini anaona pia vesema inapunguka. Akisimama saa moja kwa kupoza motere, abiria wanashuka, wanapanda mutuka ingine. Akirudi na feza kidogo, anatukanwa. Basi anakanyaga. Kontere ya bei kali haibadilishe hesabu hii mu kichwa chake.

Wenye mutuka wengine wamepata njia, nasi tunaiona nzuri. Wanapatana naye mbele ya mama wa nyumba, kwa maneno ya wazi: siku alarme inalia na ukasimama, vesema ya ile siku inaombwa nusu, hakuna kelele. Siku alarme inalia na ukaendelea, mufunguo unabaki hapa. Kuna makontere yenye kuhifadhi namba ya juu kabisa iliyofikiwa. Mukiweza, munuueni za aina hiyo. Jioni, mtoto mkubwa anabonyeza, anaandika mu daftari: 91, 94, 92. Siku inaandikwa 108, baba akitoka kazini asubuhi anauliza kwanza maji ilienda wapi, mbele ya kuuliza feza.